Binti kapata 84 kwenye maneno na 118 kwenye maumbo: ripoti ya CAT4 isomwe vipi?

Swali: Naandika kutoka Kasulu, Kigoma. Binti yangu ana miaka 13. Alimaliza darasa la saba hapa hapa kwenye shule ya serikali, kwa Kiswahili, na nyumbani tunaongea Kiha. Amepata ufadhili wa kuanza sekondari kwenye shule binafsi ya bweni inayofuata mtaala wa Uingereza. Wiki ya pili tu tangu afike wakawafanyisha kwenye kompyuta mtihani unaoitwa CAT4. Ripoti imekuja: maneno 84, namba 101, michoro 112, maumbo 118, wastani 104. Mwalimu kanipigia simu, anasema binti ni wa kawaida ila lugha iko chini, kwa hiyo watampanga mkondo wa chini kwa masomo yote, na sayansi huenda isimfae. Je, mwanangu ana akili ndogo? Nimtafutie vitabu vya mazoezi aurudie? – Mama Zawadi

Jibu: Mama Zawadi, habari za Kasulu. Nikujibu kwanza, maelezo yatafuata: hapana, ripoti hiyo haisemi mwanao ana akili ndogo. Inasema anafikiri vizuri kuliko watoto wengi wa rika lake akipewa picha na maumbo, na anakwama akipewa maneno ya Kiingereza. Hilo la pili ulikuwa unalijua tangu unamsindikiza stendi. Shida imeanzia kwenye ule wastani wa 104, namba ambayo kwa mtoto kama Zawadi haifai kumpangia hata dawati, sembuse mkondo.

CAT4 ni kipimo cha uwezo wa kufikiri kilichotengenezwa Uingereza na GL Assessment, na shule nyingi zinazofuata mtaala wa huko hukitoa mwanafunzi anapoingia sekondari. Hakihusiani na Baraza la Mitihani. Mtihani wa darasa la saba unauliza mtoto alichofundishwa. Hiki hakiulizi mada yoyote ya darasani. Kinamwekea mtoto mbele yake kitu kigeni na kuangalia kama ataigundua kanuni iliyojificha ndani yake, na kwa haraka kiasi gani. Ndiyo maana mwenye A ya Hisabati anaweza kuangukia katikati kwenye namba, na wa C akapaa kwenye maumbo. Usije ukadhani pia ndicho kinachochagua watoto wa vipaji maalumu: shule kama Tabora Wavulana na Tabora Wasichana huchukua kwa matokeo ya darasa la saba.

Kipimo kina sehemu nne, na kila sehemu ina majaribio mawili mafupi, kila moja na saa yake. Michoro ina maswali 48 kwa dakika 20. Namba ina maswali 36 kwa dakika 18, na maumbo vilevile 36 kwa 18. Maneno ina maswali 48 kwa dakika 16. Ukijumlisha maelekezo na mifano ya kujaribia, shughuli nzima huchukua kama saa mbili, na kwa kawaida hugawanywa vipindi vitatu.

Hebu tukae kidogo kwenye hizo dakika 16, maana hapo ndipo ilipo 84 ya Zawadi. Maswali 48 kwa dakika 16 ni sekunde 20 kwa swali. Katika jaribio la kwanza la maneno mtoto anaonyeshwa maneno matatu yenye undugu, kisha matano mengine achague moja linaloingia kwenye kundi lile. Kwa Kiswahili swali lingekuwa hivi: *embe, papai, nanasi*, chagua kati ya *mgomba, kisu, pera, shamba, mbegu*. Zawadi angesema "pera" kabla hujamaliza kusoma. Sasa yaweke maneno hayo manane kwa Kiingereza, lugha yake ya tatu. Mawili hayajui kabisa, moja analijua kwa sura lakini maana haiji haraka. Zile sekunde zinaishia kwenye kutafsiri. Ile kazi inayopimwa, yaani kuona undugu wa maneno, hata hajaianza. Jaribio la pili ni la uhusiano: mvuvi kwa wavu ni kama mkulima kwa nini? Hapo napo neno moja tu likikosekana, swali zima limekwenda.

Sehemu nyingine hazina mzigo huo. Kwenye namba kuna jozi, mfano 3 inakwenda na 7, 5 inakwenda na 11, je, 9 inakwenda na ngapi? (Zidisha kwa mbili, ongeza moja: 19.) Kuna pia mfuatano, kama 2, 3, 5, 8, 12, halafu? (17, kwa sababu nyongeza inakua kwa moja kila hatua.) Michoro ni kutafuta kinachofanana katika maumbo matatu, au kujaza kiboksi kilichoachwa wazi kwenye jedwali la picha. Maumbo ndiyo yenye utamu wake: mtoto anaonyeshwa karatasi ikikunjwa na kutobolewa, achague itakavyoonekana ikikunjuliwa. Kunja karatasi mara mbili, toboa tundu moja, ikunjue, utapata matundu manne. Lakini yatakaa wapi? Jibu linatoka kichwani bila neno hata moja la Kiingereza, na hapo mwanao kapata 118.

Tuje kwenye namba zenyewe. Alama hizi si asilimia. 84 si "84 kati ya 100", na 118 haikuzidi kiwango. Zimepangwa ili mtoto wa katikati, wa umri uleule, apate 100, na theluthi mbili ya watoto waangukie kati ya 85 na 115. Ukitaka kuzielewa kwa lugha ya nyumbani, panga watoto mia wa umri wa Zawadi. Kwa maneno amewazidi kama 14 kati yao, kwa namba 53, kwa michoro 79, kwa maumbo 88. Watoto hao mia, kumbuka, ni wa Uingereza, na wengi wao wamezaliwa ndani ya lugha ya mtihani.

Kwenye ripoti utaona pia ngazi ya 1 hadi 9. Zawadi yuko ngazi ya 3 kwa maneno (82 hadi 88), ya 5 kwa namba (97 hadi 103), na ya 7 kwa michoro na maumbo pia, kwa sababu ngazi hiyo inaanzia 112 na kuishia 118. Ngazi hizi ni rahisi kusoma lakini zina udanganyifu wake: 112 na 118 zinakaa pamoja, ilhali 118 na 119 zinatenganishwa kama vile kuna mlima katikati. Ndiyo maana kila alama huchorewa mstari mfupi unaoenda pointi kadhaa chini na juu. Mstari huo unasema mtoto angeweza kupata alama yoyote ya hapo katikati kama angepimwa siku nyingine. Mistari miwili ikigusana, kama ya 112 na 118, usijenge hoja juu ya tofauti yake. Lakini kati ya 84 na 118 kuna pointi 34. Mistari hiyo haifikiani hata kwa mbali, na tofauti hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote kwenye karatasi uliyonayo.

Sasa angalia wastani unavyoifuta. 84, 101, 112 na 118 zinatoa 415. Gawanya kwa nne, unapata 104. Mtoto mwingine aliyepata 103, 104, 104 na 105 naye ana 104. Huyo wa pili kweli ni wa katikati kila upande. Zawadi hafanani naye popote, lakini orodha ya mikondo ikipangwa kwa wastani watakaa dawati moja.

Kabla hujaenda kuzungumza na shule, hakiki vitu vinne, kwa kuwa kimoja kikikosewa ripoti yote inayumba.

Kwanza kabisa tarehe ya kuzaliwa. Alama hupigwa kwa umri wa miaka na miezi, si kwa darasa. Huku kwetu tarehe ya kwenye cheti, ya kliniki na ya kwenye fomu ya shule zinaweza kuwa tatu tofauti. Kama kompyuta imeambiwa Zawadi ana miaka 14, amelinganishwa na wakubwa zake na alama zote nne zimeshuka. Ikiambiwa 12, zimepanda bila haki. Kosa la mwaka mzima halivumiliki. Mwombe mwalimu akusomee tarehe iliyoingizwa.

Pili, idadi ya maswali aliyoyajibu. Ripoti ya walimu huonyesha hilo kwa kila sehemu, ile ya wazazi mara nyingi haionyeshi, kwa hiyo uliza moja kwa moja. Kama kwenye maneno amejibu 27 tu kati ya 48 lakini mengi ya aliyoyagusa ni sahihi, shida ni kasi ya kusoma Kiingereza. Kama amejibu yote 48 na mengi amekosa, ama alibahatisha ama msamiati ni mdogo sana. Hizo ni hali mbili zenye dawa mbili, na alama ya 84 peke yake haikuambii ni ipi.

Tatu, kiwango alichopewa. CAT4 ina viwango kwa herufi: D ni kwa mwaka wa kwanza wa sekondari ya Uingereza, watoto wa miaka 11 na 12, E kwa mwaka unaofuata, F kwa miaka miwili inayofuata. Mtoto wa miaka 13 aliyepewa kiwango cha wadogo zake au cha wakubwa amepimwa kwa rula isiyo yake.

La nne ni mazingira ya siku ile: umeme ulikatika? Alikuwa amewahi kushika kipanya cha kompyuta? Mtoto anayejifunza kubofya huku saa inahesabu anapoteza maswali matatu manne mwanzoni, hasa jaribio la kwanza. Kwa Zawadi sidhani hili lina uzito, kwa sababu michoro, ambayo hutangulia, imempa 112.

Mwalimu akisema kipimo cha aina hii hakina upendeleo wa lugha kwa kuwa nusu yake ni picha, amesema kweli nusu. Hata picha zina mazoea yake. Mwanasaikolojia Robert Serpell alifanya utafiti uliochapishwa 1979, akiwalinganisha watoto wa Zambia, majirani zetu ng'ambo ya kusini ya Ziwa Tanganyika, na watoto wa Uingereza. Aliwapa maumbo ya kunakili kwa njia mbalimbali. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, wa Zambia wakawapita. Kwa udongo wa mfinyanzi walikuwa sawa. Anayeshangaa hajawahi kuona watoto wa Kigoma wakiunda gari la waya lenye usukani unaogeuza matairi ya mbele.

Na hapa hapa Tanzania, wanasaikolojia Robert Sternberg na Elena Grigorenko pamoja na wenzao walifanya kazi na wanafunzi wa shule karibu na Bagamoyo, wakaitoa 2002. Waliwapima watoto, wakawafundisha kwa muda usiofika saa moja namna ya kuyakabili maswali ya aina ile, wakawapima tena. Alama zilipanda, na mpangilio wa nani mbele nani nyuma ulibadilika sana. Kipimo cha siku moja kwa mtoto asiyezoea aina ya maswali huonyesha alipo leo. Kumtabiria atakapofika ni kazi nyingine. Kwa hiyo 118 ya Zawadi, iliyopatikana bila mazoea hayo, ichukuliwe kwa uzito. Ila nayo usiitangaze kanisani. Inasema ana nguvu ya kuona maumbo kichwani. Haisemi atapata A ya Fizikia bila kusoma.

Kuna jambo moja ambalo ripoti haiwezi kukuambia na wewe unaweza kulijua jikoni kwako akija likizo. Mpe ukurasa wa Kiswahili asioujua, wa gazeti au kitabu cha darasa la saba, asome kwa sauti. Kisha ufunike ukurasa, akueleze alichosoma kwa maneno yake. Akisoma kwa mtiririko na kueleza vizuri, mashine ya maneno kichwani ni nzima na kinachopungua ni Kiingereza. Akiruka mistari, akikisia neno kwa herufi ya kwanza, akichanganya silabi, au akisoma vizuri lakini hawezi kueleza, basi tatizo la kusoma lilikuwepo tangu kwa Kiswahili, na mtoto aonwe na mwalimu wa elimu maalumu. Mpime na macho pia; Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni au ya karibu nawe inatosha. Halafu mjaribu kwa yale maswali ya mvuvi na wavu, kwa Kiswahili na kwa Kiha, na usijali sana jibu. Sikiliza sababu anayotoa.

Ikiwa Kiswahili chake kiko sawa, una hoja nzito ya kumpelekea mwalimu wa taaluma. Nenda mwenyewe kama nauli inaruhusu, au omba muda maalumu wa simu, si kati ya vipindi. Usiende na malalamiko. Mwalimu huyo ana ripoti za darasa zima na yawezekana alisoma safu ya mwisho tu. Mwombe mambo mawili. Kwanza, Hisabati na sayansi apangwe kwa namba, michoro na maumbo (101, 112 na 118), na kwa kazi zake za darasani za wiki sita za mwanzo, si kwa wastani. Kama mikondo haigawanyiki kwa somo, uliza tarehe ambayo watoto hupangwa upya na kigezo kinachotumika, na uombe iandikwe. Mkondo wa chini wa muhula mmoja unavumilika. Ule usio na mlango wa kutokea ndio unaokula watoto.

Pili, aingizwe kwenye msaada wa Kiingereza sasa hivi. Hata kidato cha kwanza cha serikali huanza na kozi ya Kiingereza kwa sababu hii hii, na shule inayotoza ada ya kiwango hicho haiwezi kukosa mwalimu wa kazi hiyo. Huku akijifunza, walimu wa masomo mengine wanaweza kuitumia nguvu yake: mchoro kabla ya aya, ramani, jedwali, vifaa vya maabara mkononi kabla ya maelezo ubaoni. Mwambie mwalimu wa Baiolojia kwamba huyu atauelewa moyo kwa mchoro wenye mishale upesi kuliko kwa kurasa mbili za maandishi. Historia na fasihi zitamtesa mwaka huu; jiandae kuona alama za chini huko na usimgombeze.

Hilo la kwamba sayansi haimfai, lipinge kwa adabu. Jiometri, ufundi, michoro ya uhandisi, Fizikia na usomaji wa ramani hutegemea sana uwezo huo huo aliopata 118. Na kama ripoti imeambatanishwa na makadirio ya matokeo ya mitihani ya mbele, yapite haraka: yametokana na mwenendo wa wanafunzi wa Uingereza, na mtoto aliyebadilisha lugha ya kusomea Januari hii hayumo kwenye hesabu zao.

Vitabu vya mazoezi ya CAT4, hapana. Mtoto akiyafanya mfululizo alama hupanda kidogo kwa kuzoea sura ya maswali, na Kiingereza chake kinabaki palepale. Shule nayo inapoteza picha halisi. Fedha hiyo nunua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, na vitabu vyepesi vya hadithi vya Kiingereza, vya kiwango ambacho ukurasa mmoja hauna maneno mapya zaidi ya matano. Ukivuka hapo mtoto anachoka na kuacha. Awe na daftari la maneno, lakini asiyaandike kwa mpangilio wa alfabeti. Ayapange kwa makundi na uhusiano: vifaa na kazi zake, kitu na sehemu zake, neno na kinyume chake, jumla na aina zake. Maneno 15 hadi 20 kwa wiki yanatosha kama anayarudia. 50 kwa wiki huishia kwenye daftari. Aanze na yale yanayojirudia kwenye maswali ya mitihani ya masomo yote, yale ya "linganisha", "eleza", "kadiria", "toa sababu", kwa sababu mtoto anayajua majibu na bado anakosa kwa kutolielewa ombi. Dakika 20 za kusoma kila siku bwenini zinampeleka mbali kuliko saa tatu za Jumamosi.

Mwenyewe mwambie nini? Mwonyeshe ripoti. Ana miaka 13, anajua kuna kitu kimepimwa, na wenzake bwenini wameshaambiana namba zao. Mwonyeshe 118 na 84 kwa pamoja na umweleze kila moja imetoka wapi.

Kuhusu kurudia, subiri angalau mwaka mmoja, na iwe shule imeamua kuwapima tena wote. Ripoti mpya ikifika, anza na sehemu ya maneno na uangalie kwanza amejibu maswali mangapi kati ya 48, ndipo uangalie alama. Maumbo yakibaki karibu na 118 na maneno yakisogea kuelekea 95, ulikuwa ni Kiingereza. Yakibaki 84 baada ya mwaka mzima wa msaada wa kweli, omba shule imtafutie mtaalamu wa kupima usomaji, ampime kwa Kiswahili kwanza.